Falsafa ya Manufaa na Malezi ya Vijana: Kuisoma Riwaya ya Dickens Kyela

Liko swali ambalo makada wenzetu hutuuliza kila wanapopita Kyela na kulikuta darasa letu la jioni: kwa nini vijana wa Chama wapoteze muda kusoma riwaya ya Mwingereza aliyekufa mwaka 1870? Je, hatuna waandishi wetu? Je, hiyo si kasumba ileile tuliyoipiga vita tangu Azimio la Arusha?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Katika makala hii tutaeleza riwaya yenyewe, falsafa inayoikosoa, jinsi vijana wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa walivyoipokea, na mahali ambapo mwandishi wake alishindwa. Tutaeleza pia kosa letu wenyewe, kwa sababu bila kosa hilo tusingekiona kitabu hiki kwa macho tunayokionea sasa.

Kuhusu kasumba, tuseme hivi. Mkoloni hakukosa kututafsiria vitabu vya Kiingereza. Alitupa Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Haggard, na alitupa Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Vyote viwili ni vitabu vya Wazungu wanaosafiri mbali kutafuta mali. Mtoto wa Kiafrika alifundishwa kumshangilia msafiri huyo. Kitabu kinachoonyesha jinsi Mwingereza maskini alivyonyonywa na Mwingereza tajiri hakikuwekwa mbele. Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai Idara ya Kiingereza ivunjwe katika Chuo Kikuu cha Nairobi, hawakudai vitabu vya kigeni vichomwe moto. Walidai Afrika iwe katikati, na vitabu vya wengine visomwe kutoka hapo. Huo ndio msimamo wetu.

Kitabu na wakati wake

Riwaya inaitwa Hard Times, yaani Nyakati Ngumu. Charles Dickens aliichapisha mwaka 1854, kipande kwa kipande kila wiki, katika jarida lake la Household Words. Mwezi wa Januari mwaka huo alikuwa amesafiri hadi Preston, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Huko wafanyakazi walikuwa wamedai nyongeza ya mshahara ya asilimia 10, na matajiri wakajibu kwa kufunga viwanda ili njaa iwarudishe kazini.

Mji wa riwaya unaitwa Coketown. Una moshi, mitambo na mto uliobadilika rangi kwa uchafu. Bwana Gradgrind, mwenye shule na baadaye mbunge, anaamini kwamba mtoto ni chombo cha kujazwa mambo ya hakika, na kwamba hisia na ndoto ni takataka. Rafiki yake Bounderby ana benki na kiwanda. Anajisifu kila siku kwamba alizaliwa mtaroni akajiinua mwenyewe, hata inapogunduliwa kwamba mama yake alijinyima ili amsomeshe. Wafanyakazi wa Coketown huitwa kwa jina moja tu, Mikono, kana kwamba Mungu aliwaumba bila vichwa wala matumbo.

Gradgrind anawalea watoto wake watano kwa kanuni yake. Binti yake Louisa anaozwa kwa Bounderby, mwanamume aliyemzidi miaka thelathini, baada ya baba kumsomea takwimu za umri wa wanandoa. Mwanawe Tom anakuwa mwizi wa benki. Mfumaji mwadilifu, Stephen Blackpool, anasingiziwa wizi huo, na anakufa baada ya kutumbukia katika shimo la mgodi ulioachwa wazi.

Falsafa inayokosolewa

Falsafa ambayo Gradgrind anaiwakilisha tunaiita falsafa ya manufaa. Mwasisi wake mashuhuri ni Jeremy Bentham, aliyeishi kutoka mwaka 1748 hadi 1832. Kwa ufupi inasema: jambo jema ni lile linaloleta furaha nyingi kwa watu wengi, na furaha hiyo inaweza kupimwa na kujumlishwa.

Kada asifanye haraka kuicheka. Katika wakati wake falsafa hiyo ilikuwa silaha dhidi ya makabaila, kwa sababu ilimhesabu mtu mmoja kuwa mmoja, awe mwana wa mfalme au mchunga nguruwe. John Stuart Mill, aliyelelewa na baba yake kwa kanuni hizo tangu utotoni, alikuja kutetea usawa wa wanawake. Na Mwalimu Nyerere, alipokuwa kijana wa Makerere miaka ya 1940, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake akiwa amevutwa na hoja za Mill. Lakini Mill huyohuyo ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 1873 kwamba alipokuwa na umri wa miaka 20 aliporomoka moyo kabisa, akaona kwamba elimu aliyopewa ilimfundisha kuchambua kila kitu na haikumwachia nguvu ya kupenda chochote.

Ubaya ulikuja falsafa hiyo ilipoingia mikononi mwa tabaka la wenye viwanda. Hesabu ya furaha ya wote ikageuka hesabu ya faida ya wachache. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilifuata mantiki hiyo: nyumba za kutunzia maskini zifanywe mahali pa mateso kiasi kwamba mtu achague mshahara wowote kuliko kuingia humo. Kwa mujibu wa vitabu vya mahesabu sheria hiyo ilikuwa na manufaa, kwani ilipunguza gharama. Aliyelipa tofauti ni mwenye njaa.

Msichana namba ishirini

Darasa letu lina vijana wapatao thelathini, wengi wa kidato cha tatu na cha nne. Tunasoma nakala ya Kiingereza sura kwa sura na kuijadili kwa Kiswahili. Baba na mama zao ni wakulima wa mpunga na kakao, wavuvi wa ziwani, na wachuuzi wa mpakani Kasumulu. Hawajawahi kuona kiwanda cha nguo. Tulidhani tungehitaji wiki mbili kuwaeleza Uingereza ya mwaka 1854 kabla hawajaelewa lolote.

Tulikosea. Katika sura za mwanzo Gradgrind anamwita mwanafunzi mmoja, Sissy Jupe, kwa namba yake: ishirini. Anamwagiza aeleze farasi ni nini. Baba wa Sissy anafanya kazi na farasi katika sarakasi. Msichana amezaliwa na kukulia kati yao. Anashikwa na woga na anashindwa kujibu. Kijana mwingine, Bitzer, anasimama na kutaja idadi ya meno, aina ya chakula na ugumu wa kwato, na anasifiwa kwa kuwa sasa farasi amejulikana.

Kijana mmoja wa Ipinda akanyoosha mkono. "Ndugu Mkufunzi, huyu Sissy ni manamba." Darasa likatulia. Babu yake alikuwa amemsimulia habari za mashamba ya mkonge, ambako kibarua wa mkataba alipewa namba na jina lake likasahauliwa, hata neno lenyewe namba likawa jina la watu. Wengine wakakumbuka wazee wa Unyakyusa waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na hata Afrika Kusini kwa kuandikishwa na WENELA. Msichana mmoja akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata yeye ana namba ya mtihani, na ndiyo itakayotangazwa.

Katika sura hiyohiyo ofisa wa serikali anawaambia watoto kwamba zulia lisichorwe maua, kwa sababu hakuna anayekanyaga maua katika maisha ya kweli. Hapo vijana walicheka sana. Walisema kwa kanuni hiyo mama zao wavue kanga zote, maana hakuna mtu anayetembea amejifunga mikorosho. Baada ya kicheko tuliwauliza: kanga ya mama inaleta manufaa gani yanayopimika? Mjadala ukaenda hadi giza likaingia. Walikubaliana kwamba kitambaa kisicho na maua kinasitiri mwili vilevile, lakini mama anayepewa kitambaa cha namna hiyo ataelewa kwamba aliyempa hamjali.

Tuliwakumbusha pia neno la kwao, ukwangala. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliliweka neno hilo katikati ya kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Maana yake ni raha ya kukaa pamoja na wenzako: kula, kunywa, kuzungumza na kufundishana akili kwa mazungumzo. Vijana wa rika moja walijenga vibanda vyao pamoja na kuanzisha kijiji chao. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro, hasa katika ndoa, ambapo wazee wenye ng'ombe walioa wake wengi na vijana wakasubiri. Lakini inathibitisha kwamba babu zetu hawakuhitaji Dickens kuwaambia kuwa mtu hapimwi kwa kile anachozalisha peke yake.

Kosa letu

Sasa tujikosoe. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya. Kyela ni wilaya ya kakao, na habari hiyo ilikuwa kubwa. Tuliandaa somo zuri juu ya uchumi wa wilaya. Tuliandika ubaoni bei ya zamani na bei mpya, tukaonyesha tofauti, tukaeleza faida ya mnada na ya stakabadhi ghalani, tukahitimisha kwamba mkulima wa Kyela ameinuka.

Msichana mmoja, mkimya, aliyekuwa akikaa nyuma karibu na mlango, akaomba kuuliza. Alisema shangazi yake aliuza kakao yake njemke, yaani ikiwa bado mbichi, kabla ya msimu, kwa bei ndogo, kwa sababu palikuwa na mgonjwa nyumbani. "Sasa Ndugu Mkufunzi, hiyo bei iliyopanda ni ya nani?"

Tulimjibu kwamba njemke imekatazwa, na kwamba swali lake halikuwa sehemu ya somo la siku hiyo. Akakaa. Kijana aliyefuata alieleza vizuri sana hatua tano za mfumo wa stakabadhi, tukampongeza.

Miezi mitatu baadaye tulifika sura ambayo Sissy anasimulia jinsi anavyoshindwa masomo. Mwalimu wake amemwambia taifa lina fedha nyingi sana, kisha akamuuliza kama taifa hilo si tajiri. Sissy alijibu kwamba hawezi kujua mpaka aambiwe fedha hizo ziko kwa nani, na kama yeye amepata chochote. Alipoambiwa kwamba katika mji wa watu milioni moja waliokufa kwa njaa barabarani ni 25 tu kwa mwaka, alisema kwamba kwa hao waliokufa uchungu ni uleule, wawe wenzao ni wachache au wengi. Mwalimu aliyahesabu majibu yote mawili kuwa makosa.

Darasa lilikaa kimya, kisha yule kijana wa Ipinda akasema: "Hili ni swali la mwenzetu wa pale mlangoni." Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameacha kuja tangu wiki ile, na hatukuwa tumeuliza sababu. Tulipouliza tukaambiwa amekwenda kuishi kwa ndugu ng'ambo ya Songwe. Hakurudi.

Ndugu, tumefundisha itikadi kwa miaka mingi. Tumewasomesha vijana maana ya unyonyaji kwa vipengele, wakaikariri kama Bitzer alivyokariri farasi. Siku unyonyaji wenyewe ulipoletwa darasani na mtu aliyeuona nyumbani kwao, tuliambia swali likae chini. Azimio la Arusha tulilijua kwa moyo. Hatukulitambua liliponyoosha mkono.

Upungufu wa Dickens

Kukiri kwamba kitabu kimetufundisha si kukisujudia. Karl Marx, katika makala yake ya gazeti mwezi wa Agosti 1854, alimtaja Dickens kati ya waandishi wa riwaya walioufichua ukweli wa jamii ya Uingereza kuliko wanasiasa wote. Mwanahistoria Macaulay, mtetezi wa mabepari, alikichukia kitabu kwa sababu alinusa ndani yake harufu ya ujamaa. Harufu ipo, lakini chakula hakikuiva.

Kwanza, juu ya umoja wa wafanyakazi. Katika ripoti yake ya Preston, Dickens aliwasifu wagomaji kwa utulivu na nidhamu yao. Lakini katika riwaya kiongozi wao, Slackbridge, amegeuzwa mpayukaji mwenye hila, na mfanyakazi mwema ni Stephen, anayekataa kujiunga na chama na kufa akisema mambo yote ni vurugu tupu. Mwandishi aliogopa kile alichokiona kwa macho yake. Vijana wetu tuliwasomea kando yake habari za mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa mwaka 1947, ili waone kwamba Mikono ikiungana hupata kichwa.

Pili, juu ya pamba. Viwanda vya Lancashire vilikula pamba ambayo sehemu yake kubwa ililimwa na watumwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Riwaya nzima imejaa moshi wa pamba hiyo, na mtumwa hatajwi kama chanzo chake hata mara moja. Miaka mitano baada ya kitabu kutoka, Septemba 1859, David Livingstone alifika Ziwa Nyasa kutoka kusini. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kazi katika kiwanda cha pamba huko Scotland akiwa na umri wa miaka kumi, na moja ya shabaha za msafara wake ilikuwa kutafuta ardhi ya kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya kwao. Milima inayosimama juu ya Matema inaitwa kwa jina lake hadi leo. Vijana wetu wanaiona kila asubuhi. Kwa hiyo Coketown haikuwa mbali nasi hata siku moja. Tulikuwa tumekwisha kuandikwa katika daftari lake kama shamba la baadaye. Wajerumani walipolazimisha kilimo cha pamba kusini mashariki mwa nchi yetu, jibu la umma lilikuwa Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905.

Tatu, juu ya hesabu. Dickens anazicheka ripoti za serikali zilizojaa katika chumba cha Gradgrind. Lakini ripoti za wakaguzi wa viwanda ndizo Marx alizozitumia katika kitabu cha Mtaji cha mwaka 1867 kuwashitaki wenye viwanda kwa kuwafanyisha kazi watoto usiku na mchana. Takwimu ni kama panga: linafyeka magugu, linajeruhi jirani, kutegemea nani amelishika. Mjamaa asiyejua kuhesabu hawezi kugawa kwa haki. Dickens hakufika hapo. Dawa yake ni moyo wa huruma na sarakasi ya Bwana Sleary, na kiwanda kinabaki na mwenyewe.

Wajibu wetu

Tunajifunza nini? Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alionya dhidi ya shule inayomthamini mwanafunzi kwa mtihani peke yake na kumtenga na kijiji chake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kazi na tabia ya mwanafunzi zihesabiwe pia. Hata hivyo sisi wenyewe tulirudia kosa la hesabu tupu. Katika operesheni za vijiji za miaka ya 1970 idadi ya waliohamia ilisomwa kwa shangwe, na waliohamishwa bila maandalizi hawakuonekana katika jumla. Mwalimu alikubali waziwazi kuwepo kwa makosa na upungufu alipotathmini miaka kumi ya Azimio mwaka 1977. Tangu mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa nafasi kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwezi wa Januari 2023, wengi walilalamika. Sisi tunaona ilikuwa hatua sahihi, ingawa namba haiondoki kichwani mwa mwalimu kwa tangazo.

Mwishoni mwa riwaya Bitzer, ambaye sasa ni mfanyakazi wa benki, anamkamata Tom ili apandishwe cheo. Gradgrind, mwalimu wake, anamwomba kwa machozi amwachie mwanawe. Bitzer anamkumbusha kwa heshima kwamba alifundishwa kuwa kila uhusiano ni biashara, na kwamba karo ya shule ilikwisha kulipwa. Kila chuo cha makada kiisome sura hiyo. Kada anayeuliza posho ni shilingi ngapi kabla hajauliza ajenda hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuwa na wakufunzi.

Katika darasa letu la Kyela tumebadilisha mambo machache. Kila somo la uchumi linaanza kwa mwanafunzi kueleza jambo moja alilofanya kwa mikono yake wiki hiyo: kuamia ndege, kupura mpunga, kuanika kakao, kuvuta nyavu. Kila takwimu ikiandikwa ubaoni, inaandikwa chini yake: ni ya nani? Swali la njemke tumelipa jioni tatu nzima, tukiwa na wakulima wawili waliouza namna hiyo na katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Tuligundua kwamba katazo peke yake halimsaidii mwenye mgonjwa. Linalomsaidia ni mkopo wa haraka kutoka ushirika wake mwenyewe, na hilo sasa vijana wamelipeleka kwenye mkutano wa tawi.

Swali hilo tulilipata kwa msichana aliyeondoka kwa sababu hatukumsikiliza. Tunawaomba wakufunzi wenzetu wasingoje kiti kiwe kitupu ndipo waulize nani alikuwa amekikalia.